Modemu ya USB inapiga na kupata anwani kwenye Linux, lakini kurasa hazifunguki

mwanagenzi:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Kompyuta yangu ya mezani hapa dukani inatumia Debian (aina ya Linux), na kwa waya imeunganishwa na ruta ya zamani isiyo na intaneti, ambayo kazi yake ni kuhudumia printa tu. Intaneti naipata kwa modemu ya USB yenye laini ya simu, kupitia wvdial, programu ya kupigia modemu, inayopiga *99#. Modemu inaitikia CONNECT na pppd (programu inayoshika muunganisho huo) inaonyesha anwani niliyopewa, lakini kivinjari hakifungui ukurasa wowote. Kifurushi kipo, na laini hiyohiyo ikiwekwa kwenye simu inafanya kazi.

fundi_mitambo:
Modemu nyingi za aina hii hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, na bila usb_modeswitch, programu ya kuigeuza iwe modemu, huwezi kuiona /dev/ttyUSB0 (jina la modemu kwenye Linux). Anzia hapo.

binti_kerneli:
Hapo amekwisha kupavuka, fundi, kwani modemu isiyoonekana haiwezi kupiga, sembuse kupewa anwani. Jaribu ping 8.8.8.8 (amri ya kupima kama seva hiyo ya Google inajibu), halafu ping jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina likakataa, tatizo ni DNS, huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Vyote viwili vikinyamaza, andika ip route usome mstari unaoanza na default, yaani njia ya kutokea nje ya mtandao wa ndani. Nashuku ruta ya printa imeishika nafasi hiyo, kwa sababu pppd, hata ikipewa chaguo la defaultroute, kwa kawaida haiondoi njia iliyoikuta.

mwanagenzi:
Vyote vimenyamaza, dada, na mstari unasomeka: default via 192.168.1.1 dev eth0, yaani ruta kupitia waya.

binti_kerneli:
Basi kata mawasiliano, endesha ip route del default ukiwa root (msimamizi), kisha upige upya. Printa haitaathirika, maana imo kwenye mtandao uleule wa ndani na haihitaji njia hiyo ili ifikiwe. Ila amri hii haidumu: DHCP (huduma ya ruta ya kugawa anwani) itairudisha njia ile utakapowasha kompyuta tena, kwa hiyo ipe eth0 anwani ya kudumu katika /etc/network/interfaces, bila kuandika mstari wa gateway (unaotaja njia ya kutokea nje).

mwanagenzi:
Sasa 8.8.8.8 inajibu, lakini majina bado.

binti_kerneli:
Fungua /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva za DNS. Bila shaka bado inaielekeza kompyuta kwa ruta, ambayo haina pa kuuliza. Futa mstari huo, uandike nameserver 8.8.8.8, na katika wvdial.conf uhakikishe Auto DNS iko on.

mwanagenzi:
Kurasa zimefunguka, na printa inachapisha kama kawaida. Ahsanteni sana.