Betri ya injini inakufa motahomu ikisimama, ya ndani iko sawa. Tatizo ni nini?

Nanga12
Wakuu, naomba msaada. Motahomu (gari lenye chumba cha kulala) inasimama uwanjani miezi mitatu mfululizo na hakuna soketi ya umeme karibu. Juu ya paa kuna paneli ya sola ya wati 100 na kontrola yake, kile kifaa cha kudhibiti chaji. Betri ya ndani, ya taa na vifaa vya chumbani, ni AGM (iliyozibwa, haiongezwi maji) ya Ah 100 (ampea-saa), haina shida, nikiipima alfajiri iko volti 12.8. Ya injini ni ya maji, Ah 95, bado mpya, lakini wiki ya tano ikifika starta haizunguki. Niongeze paneli? Au kuwasha injini dakika kumi kila wiki kunatosha?

FundiWaya
Usiongeze paneli. Iliyopo inafanya kazi, ila haiifikii betri ya injini. Kontrola nyingi zina njia moja tu ya kutoa chaji, na hapo imefungwa betri ya ndani. Relei (swichi ya umeme) inayounganisha betri mbili hushika pale tu injini inapozunguka. Ukizima, betri ya injini inabaki yatima, huku king'ora, redio, kompyuta ya gari na kifaa cha kufuatilia gari vyote vinaendelea kunyonya.

Kabla hujatoa hela, pima kinachoila. Fungua boneti, kisha sukuma kitasa chake kwa bisibisi kijifunge, ili gari lidhani boneti imefungwa. Zima kila kitu, funga milango kwa rimoti. Legeza waya wa hasi kwenye betri, lakini kabla hujauchomoa unganisha waya wa pembeni wenye vibanio kati ya nguzo ya hasi na ule waya wa gari, ili umeme usikatike. Umeme ukikatika, kompyuta zote zinaamka upya na utasoma namba za uongo. Weka multimita kwenye ampea 10, waya mwekundu kwenye tundu la 10A, uunge palepale kati ya nguzo na waya wa gari, kisha toa waya wa pembeni. Subiri nusu saa. Mwanzoni utaona ampea mbili tatu, halafu zinashuka kwa ngazi kadiri vifaa vinavyolala.

Mita ikiwa hapo usiguse starta wala kufungua mlango, utaunguza fyuzi ya mita. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti SAA HIYO HIYO. Ukiusahau kwenye 10A kisha ukagusa nguzo mbili za betri, umeipiga shoti mwenyewe.

Chini ya miliampea 30 ni kawaida kwa gari kama hilo. Juu ya 50, kuna mlaji wa kutafutwa.

Nanga12
Nimepima. Baada ya dakika 35 imetulia kwenye miliampea 70. Nimechomoa fyuzi moja moja, nilipofika ya redio ikashuka hadi 18.

FundiWaya
Basi hesabu inakubali. 0.07 mara saa 24 ni Ah 1.68 kwa siku. Nusu ya betri yako, Ah 47, inaisha siku ya 28, na ongeza kwamba betri ya maji hujishusha yenyewe asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi, zaidi kukiwa na joto. Wiki ya tano starta inagoma. Betri haina kosa.

Kwenye redio angalia nyaya mbili za chanya nyuma yake. Mmoja ni wa kumbukumbu, unaishi na umeme wakati wote, mwingine unatakiwa kufuata ufunguo. Aliyefunga redio isiyo ya kiwandani mara nyingi huzisokota zote mbili pamoja, redio ikawa hailali kabisa. Zitenganishe.

Ila hata kwa miliampea 18 usijidanganye. Siku 90 ni Ah 39, ukijumlisha na kujishusha kwenyewe unakaribia Ah 50. Gari linaweza kuwaka, linaweza kugoma. Na betri ya risasi (ya maji na AGM zote ni za madini ya risasi) ikikaa chini ya volti 12.4 wiki nyingi, salfeti inaganda kwenye sahani zake na uwezo uliopotea haurudi wote hata ukiichaji vizuri.

Asidi_1265
Kuhusu dakika kumi za injini: acha. Tuseme injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, alteneta (jenereta ya gari) inabakiza ampea 20 za kuchaji, dakika kumi ni kama Ah 3. Wiki nzima kwa ule mnyonyo wa miliampea 70 imeondoka karibu Ah 12. Unarudisha robo. Halafu injini haijapata moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Kama huwezi kuendesha saa nzima au zaidi, heri usiiwashe kabisa. Hata hiyo saa moja haijazi betri, kwa sababu asilimia 20 za mwisho huingia polepole kwa masaa, uwe na alteneta kubwa namna gani.

Na kwa kuwa ni ya maji, fungua vifuniko. Sahani zikionekana kavu, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa hadi yazifunike tu, chaji kwanza, kisha ndipo umalizie hadi kwenye alama. Ukijaza kabla ya kuchaji itatapika. Haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) kwenye seli iliyojaa chaji inasoma karibu 1.265. Seli moja ikiwa 1.20 na nyingine tano ziko juu, hiyo betri imekwisha, usihangaike na kontrola.

Mwanga_Paa
Suluhisho la kudumu kwa hali yako ni kifaa kidogo cha kudondoshea chaji, kinachokaa kati ya betri mbili. Betri ya ndani ikiwa inachajiwa na volti zake zimepanda, kinapitisha ampea chache kwenda ya injini. Zikishuka, kinakata. Sola ile ile ya wati 100 inatosha kabisa, maana mahitaji yako ni Ah 1 hadi 2 kwa siku. Au ubadilishe kontrola uchukue yenye njia mbili.

Waya wa milimita mraba 2.5 unatosha. Weka fyuzi ya ampea 10 KILA UPANDE, karibu na nguzo ya chanya ya kila betri. Watu huweka moja tu. Waya huo una betri kichwani na mkiani, kwa hiyo ukichubuka katikati na kugusa bodi, upande usio na fyuzi ndio utakaowaka moto. Usiunganishe betri mbili kwa waya mtupu usio na kifaa. Iliyo chini itaishusha iliyo juu, na asubuhi unakuta mbili zimelala.

Jambo jingine: ukifunika gari zima kwa turubai, umeifunika na paneli. Limekuwa kosa la kila siku. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wa paneli.

Kimbunga
Na mwenye lithiamu upande wa ndani?

Mwanga_Paa
Lithiamu chuma fosfeti haitaki kukaa imejaa. Iache kwenye asilimia 50 hadi 60, zima kila kinachoinyonya, kisha ipime kila baada ya miezi miwili. Chini ya nyuzi 0 usiichaji, ingawa kutoa umeme inaweza. Kile kifaa cha kudondoshea chaji angalia kimepangwa kwa volti zipi, kwa sababu lithiamu ikitulia inabaki juu ya 13 na kifaa kilichotengenezewa risasi kinaweza kudhani bado inachajiwa, kikaendelea kuinyonya usiku kucha.

Nanga12
Asanteni sana. Nikikata waya wa hasi wa betri ya injini mpaka kifaa kifike, kuna madhara?

FundiWaya
Kata tu, spana namba 10 kwa magari mengi. Hasi inatoka kwanza na kurudi mwisho, ili spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya isipige cheche. Funga gari kwa ufunguo wa mkono kabla, rimoti haitafanya kazi. Redio inaweza kudai namba ya siri, na vioo vya umeme huenda vikahitaji kupandishwa na kushikiliwa juu sekunde chache vijifunze upya. King'ora chenye betri yake ndani kitapiga kelele ukikata, kizime kwa utaratibu wake wa matengenezo kwanza. Waya ukishatoka, ufunge kitambaa, usiuache unaning'inia karibu na nguzo.