Tupeane uzoefu: jino lililozibwa "kwa muda", lako lilikaa muda gani?

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi mwenye uzi.

Gego la chini kushoto lilinikesha siku tatu. Daktari akanichoma ganzi, akalifungua, akasafisha mizizi na kuweka dawa ndani. Juu akaziba na kitu cheupe, laini kama ugali wa mtoto. Mimi nikajitia kupanua mdomo ili kisilowe, akacheka: "Funga mdomo, hicho kinagandishwa na mate yako." Akaniandikia nirudi baada ya wiki mbili.

Maumivu yakakata siku hiyohiyo. Sasa mtu haumwi, anarudi kufanya nini? Mwezi wa tano nikiwa nakula mhogo wa kuchemsha (wa kuchemsha, jamani, si wa kukaanga), nikasikia "ka!" Nusu ya jino nikaitema kwenye sahani. Lililobaki likang'olewa. Haya, leteni yenu.

*Mdau wa Pemba:*
Mie nilipoingia chumba cha meno nilidhani nimerudi uani kwetu, karafuu zimeanikwa. Kumbe daktari alikuwa akikoroga unga wa zinki oksaidi na yujenoli, kile kitu kinachoipa karafuu ukali na harufu yake. Jino likatulia kama limeimbiwa. Ila msije mkafanya kama jirani yangu: alisikia habari hii, akachovya pamba kwenye mafuta matupu ya karafuu, akaibana jinoni usiku kucha. Asubuhi ufizi umebabuka, na jino bado linauma. Juu ya hayo mkewe anamuuliza nani kapika pilau.

*Mdada wa Moshi:*
Yangu ni kofia ya muda, yaani kifuniko cha kuvisha jino lililochongwa. Jino la mbele lilivunjika kwa ajali ya bodaboda, likachongwa, wakati ya kudumu ikisubiriwa nikatengenezewa ya akriliki (aina ya plastiki) hapohapo kitini. Ile kitu ikianza kuganda inapata joto! Daktari akawa anaitoa na kuirudisha, anaipoza kwa maji. Siku ya send-off ya mdogo wangu nikatafuna bigijii, kofia ikatoka nayo. MC ananiita kwenye maiki, mimi nimefunika mdomo kwa kanga. Shangazi keshatuma mtoto dukani akalete supagluu! Nikakataa, nikaipachika kwa dawa ya meno kidogo, nikacheka nimefumba midomo hadi saa sita usiku. Kesho yake daktari akaniambia gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, maana siku ya kuweka ya kudumu lazima itoke bila kuliumiza jino. Supagluu ingemharibia kazi, na ufizi wangu pia.

*Tabibu wa meno (nipo kazini, naandika kwa kifupi):*
Mwenye uzi, hicho kinachogandishwa na mate ni cha wiki chache tu. Nacho kinahitaji unene wa kama milimita 4; kikiwa chembamba, au kikizeeka, mate yanapenya na vijidudu vinarudi kwenye mizizi iliyosafishwa. Halafu gego lililofunguliwa limebaki kuta tupu. Ndiyo maana hata mhogo ulikushinda.

Cha karafuu nacho kina tabia yake: yujenoli inazuia rezini, kile kizibo cheupe cha kudumu, isigande vizuri. Ukihamia kwa daktari mwingine, mwambie kilichowekwa mwanzo.

Halafu kuna kizibo kingine, glasi ionoma. Hii inashikana na jino lenyewe na kutoa floraidi, hivyo inakaa muda mrefu zaidi ya hizo mbili. Wengi hawajui kwamba mbinu ya kukwangua jino bovu kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine, kisha kuliziba, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Siku hizi glasi ionoma ndiyo inayotumika zaidi kwa mbinu hiyo. Na mwenye kofia ya muda, uzi wa meno uvute kwa pembeni, usiunyanyue juu.

*Mdau wa Mbagala:*
Tabibu, yangu cheupe ina miezi minane na haijauma hata siku moja. Inamaanisha nimepona?

*Tabibu wa meno:*
Hapana, mkuu. Kesho asubuhi uko wapi?

*Mdau wa Mbagala:*
Niko kazini.

*Mwenye uzi:*
Mkuu, mimi pia nilikuwa kazini.