Rafiki yangu Mjerumani ananisubiri mwezi wa saba, mshahara wangu haufiki. Nikope au nimwambie ukweli?

BintiNgamiani:
Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa wana Tanga na mlioko ughaibuni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa mjini. Miaka sita iliyopita alikuja shuleni kwetu dada mmoja kutoka Eckernförde, mji wa Ujerumani wenye udugu na Tanga tangu 1963. Alikaa miezi mitatu akawa mtu wa nyumbani. Amerudi mara mbili, analala chumba cha wanangu, tunaamka naye kwenda Deep Sea kununua samaki. Mama yangu alipofariki, arobaini yake ilimkuta hapa, kaja kwa ajili hiyo tu.

Sasa anasema ni zamu yangu. "Wewe kata tiketi, kula na kulala ni kwangu." Anasema kwa moyo mweupe kabisa. Yeye ni mlezi wa chekechea, kazi yetu moja, ila yeye na mwenzake wana watoto 22 na mimi peke yangu nina 94. Mkononi anapata euro 2,300. Mimi baada ya makato na mkopo nabaki na 640,000. Kwa euro moja shilingi 2,900, yeye anapokea mara kumi yangu.

Juzi usiku nilifungua ukurasa wa nyuma wa andalio la somo nikapiga hesabu. Nauli kwenda na kurudi wakala kanitajia 2,350,000. Viza euro 90, ni 261,000. Pasipoti 150,000. Bado bima, basi la Dar na koti la kuazima. Nauli peke yake ni mishahara yangu mitatu na nusu na zaidi, nisile wala nisilipe umeme. Kwake nauli hiyo hiyo ni mshahara wa siku kumi na moja. Mume wangu akachungulia begani, akasema, "Hizo ndizo bati zetu." Nyumba ya Pongwe imefika kwenye linta, imesimama mwaka wa pili.

Kwenye kikoba nina 1,900,000. Nikope iliyobaki? Nimwombe yeye? Haya inanishika kooni. Na nikikataa bila sababu ataona simpendi.

MzeeWaPangani:
Mwanangu, usikope. Ukiingia kwa hawa wakopeshaji wa kausha damu utarudi kutoka Ujerumani ukute hata makochi wamebeba. Kijana wangu alinyimwa viza, na ile ada hairudi, ujue hilo kabla hujaanza. Tena akiba ya shilingi kwa safari ya dola ina mitihani yake: mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa 2,300 na kidogo, mwaka uliofuata ikapita 2,600. Kijana alikuwa anaweka kila mwezi bila kukosa, na nauli inazidi kusogea mbele.

NesiKiel:
Mwalimu, shikamoo. Niko Kiel, kwa treni ni kama nusu saa hadi kwa rafiki yako. Nataka uelewe kwa nini haoni tatizo, maana si kiburi.

Kima cha chini hapa tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Hata anayepanga bidhaa dukani, ada ya viza yako ni saa saba za kazi kabla ya makato. Huko kima cha chini serikalini ni 500,000 tangu Julai 2025, kwa hiyo ada hiyo ni zaidi ya nusu ya mwezi. Yeye akija Tanga anaona chapati, bodaboda na fundi baiskeli vyote bei ya chini, anadhani maisha yako mepesi. Vitu hivyo ni rahisi kwa sababu anayevitengeneza naye analipwa kama wewe. Ndege haiko hivyo. Mafuta, vipuri, ndege yenyewe, vyote hulipwa kwa dola, awe abiria ametoka Ngamiani au Hamburg. Ndiyo maana mshahara wako unalisha watoto na kupandisha tofali Pongwe, lakini ukifika uwanja wa ndege unakuwa si kitu. Miaka minne ya kwanza hapa hilo lilinitesa, kila nikinunua kahawa nahesabu ni siku ngapi za mama yangu sokoni.

Pia usimwone tajiri. Kodi ya nyumba hapa inakula pesa nyingi mno. Lakini kuna njia: mwenyeji anaweza kwenda ofisi ya wageni ya wilaya yao akasaini hati ya kukudhamini, ada yake euro 29. Ubalozi wataitazama pamoja na barua ya mwajiri na hati ya kiwanja. Bima iwe ya kulipia hadi euro 30,000. Na tiketi usilipie kabla viza haijatoka, weka nafasi tu.

Kidawa_Chumbageni:
Shoga, mimi naongelea hiyo haya. Mtu aliyekuja arobaini ya mama yako unamficha nini? Usimwombe pesa. Mpigie picha ukurasa ule wa andalio, mtumie kama ulivyo, pamoja na maneno ya mumeo kuhusu bati. Umwambie nataka kuja na hivi ndivyo ilivyo. Akiamua kuchangia ni yeye, akisema basi tuonane Tanga ni yeye. Kinachovunja urafiki ni wewe kukaa kimya hadi mwezi wa saba.

BintiNgamiani:
Nimesoma yote, na ya NesiKiel nimemsomea mume wangu kwa sauti. Mkopo sichukui. Hela ya kikoba ni bati, tumekubaliana. Picha nimeituma sasa hivi, mikono inatetemeka. Ameisoma, bado hajajibu.

Pasipoti nitaanza nayo hata hivyo, 150,000 naiweza kidogo kidogo. Uhamiaji wanataka nini hasa?

MzeeWaPangani:
Kitambulisho cha taifa, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi mmoja. Cha marehemu mama yako kipo?

BintiNgamiani:
Kipo, mzee wangu. Kwenye sanduku lake, pamoja na kanga zake.