Naomba ushauri: nina hamu ya mbinguni, lakini mambo ya dunia yananishinda

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tangu tumzike mama, hamu ya kwenda mbinguni imenikaa moyoni kuliko wakati wowote. Sisemi kwamba nataka kufa, msinielewe vibaya. Namtamani Bwana mwenyewe, na ile ahadi ya Ufunuo 21:4 kwamba atafuta kila chozi naisoma karibu kila usiku.

Shida ni mchana. Kazi naifanya ili iishe tu. Mwanangu akiniletea daftari nimkagulie, macho yako kwenye hesabu zake ila moyo haupo. Mume wangu akizungumzia kujenga, najibu "Mungu akipenda" na mazungumzo yanaishia hapo. Anasema nimejitenga, na naona inamuumiza.

Nimekaa sana na Wafilipi 1:23-24. Paulo alitamani kwenda kukaa na Kristo, lakini akakubali kubaki kwa ajili ya wale aliowalea kiimani. Kinachonigusa ni kwamba hamu ile hakuikana, na bado aliwatumikia. Yeremia 29 nayo inawaagiza mateka wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mji ule, japo hapakuwa kwao. Maandiko nayaelewa, kuyaishi ndiko kunakonishinda.

Mliopitia hali hii, mliwezaje kubeba yote mawili? Nimwone mchungaji, au ni huzuni ya msiba ambayo bado haijaisha? Na mume wangu nimwelezeje asidhani nimewachoka?