Mazuku ni sayansi ama ni maneno ya soko tu?

Bandugu ba Goma, naleta mjadala. Juzi mwalimu mwenzangu wa shimi aliniambia eti Kiswahili haiwezi kubeba sayansi, ni lugha ya soko na ya maombi, masomo ikae paka mu Kifaransa. Nikamuuliza: na mazuku je? Akacheka.

Lakini ile neno ni yetu. Bazee balikuwa banakuta mbuzi imelala mu kishimo asubuhi, haina kidonda, imekufa, njo bakasema ni mazuku, upepo mubaya. Bataalamu ba volkano bakakuja na mashini zabo bakapima: gazi karbonike, njo dioksidi ya karboni, inatoka chini ya udongo, inashinda hewa uzito karibu mara moja na nusu, kama upepo hakuna inajaa mu bonde sawa maji mu beseni. Mutu mukubwa mwenye amesimama mara ingine anapita juu kichwa yake iko juu ya gazi, mbuzi na mutoto banakufa. Na leo mu maandishi yabo ya Kiingereza banaandika mazuku vilevile. Sasa mutoto wetu ananakili "dioksidi ya karboni, densite 1,5" mu kaye, anapata 8 juu ya 10, jioni anashuka mu kile kishimo kufuata mupira.

Munasema aje?

— Yaya, mazuku sawa, lakini twende mu fizike. Forse, eneriji, pwisanse, zote tatu sisi tunasema "nguvu", basi. Tanzania beko na kani (forse) na nishati (eneriji), hapa Birere nani anajua kani? Na hata bo, bakifika sekondari banageukia Kingereza.

— Na egzamen ya leta inakuja mu Kifaransa, tusidanganyane.

— Mimi mwenye nilifungua: sijasema tutupe Kifaransa. Kani batoto habaijui, sawa, na forse je, balizaliwa nayo? Balifundishwa. Mu darasa naweka vinegri na bikarbonate mu ndobo, binatoa ile gazi, nashusha mushumaa, unazimika, naacha babishane kwa Kiswahili juu ya nini umezimika, formule naandika nyuma. Kwa masi na uzito ndiyo ninashindwa kidogo, maana mu fizike kilo inapima masi, sokoni kilo ni uzito tu. Mu bitabu bya Tanzania kuko "tungamo" kwa masi, lakini sijaisikia mu kinywa ya mutu yeyote huku.