Fundi amepitisha muda kwa miezi mitano na jengo limeishia kwenye lenta: nimvumilie au nimwondoe?

Mama Wawili

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kujenga, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi.

Februari mwaka jana mimi na mume wangu tuliandikishana na fundi mkuu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba atatujengea nyumba ya vyumba vitatu hapa Kibaha kuanzia msingi hadi kupaua, kwa gharama ya ufundi ya shilingi milioni 9.6, vifaa vyote tukinunua sisi wenyewe, na kazi ikamilike mwishoni mwa Agosti. Sasa ni katikati ya Januari. Kuta zimesimama, lenta, yaani ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, imemwagwa upande wa mbele tu na kuishia karibu na kona ya sebule, nguzo za baraza ni nondo tupu, na fundi hajakanyaga saiti tangu wiki ya kwanza ya Novemba. Nikimpigia simu ananiambia yuko njiani, au vijana wake wamepata msiba, na mara mbili ametaka tumwongezee fedha ndipo awarudishe. Tumekwisha kumlipa milioni 7.4.

Jumapili iliyopita nilikwenda peke yangu kutazama. Nilipozishika nondo za baraza, kiganja kilibaki na vumbi la rangi ya chungwa. Bandani kuna mifuko 23 ya saruji tuliyonunua Septemba, na nilipoibonyeza ile ya chini kabisa, iliyolazwa juu ya udongo, ilikuwa ngumu kama jiwe. Mvua za masika zinaanza Machi, na mwenye nyumba tuliyopanga anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo ifikapo mwisho wa Februari. Je, nimwongezee fedha arudi, au nimlete fundi mwingine? Na hizo tulizokwisha kulipa, ndiyo basi?

Mkazi wa Chanika

Pole sana, dada yangu. Mimi nilipita njia hiyo hiyo na naomba nikuambie nilipokosea, ili wewe usikosee hapo.

Nilipomchoka fundi wangu wa kwanza nilimfukuza kwa simu, na siku ya pili nikamleta mwingine. Huyu wa pili alizunguka jengo mara moja, akaniuliza ndani ya lenta zimewekwa nondo ngapi na za unene gani, nami sikuwa na jibu wala picha hata moja. Akasema hawezi kupandisha paa juu ya kitu asichokijua, na kwa kweli sikuweza kumlaumu. Sehemu ya lenta ilivunjwa na kumwagwa upya kwa fedha zangu. Wakati huohuo yule wa kwanza alikwenda serikali ya mtaa kudai kwamba nimemdhulumu, na kwa kuwa kazi yake ilikwisha kufunikwa na kazi ya mwenzake, hakuna aliyeweza kusema nani alifanya nini.

Kwa hiyo kabla hujamwondoa mtu yeyote, nenda saiti na shahidi, piga picha kila ukuta ndani na nje, hesabu kozi (mistari) za tofali, hesabu vifaa vilivyobaki, mwandike yote na mwenyekiti wa mtaa aweke sahihi. Na tafadhali usitoe hata shilingi moja ya kumrudisha. Nilitoa mara tatu, na kila mara vijana walikuja siku mbili wakaondoka.

Fundi wa Zamani

Mama, nimefanya kazi ya ujenzi kwa miaka mingi na sitamtetea mwenzangu aliyekula muda wako. Hata hivyo naomba ujiulize mambo mawili kwa haki, kwa sababu yataulizwa siku mtakapokaa mezani. Je, kuna siku vijana walifika wakakosa mchanga, kokoto au maji, wakakaa kivulini hadi jioni? Je, mlibadilisha ramani baada ya kazi kuanza? Saidia fundi analipwa kwa siku. Akikosa kazi siku mbili anakwenda saiti nyingine, na kumrudisha ni kazi kubwa kuliko kumpata mara ya kwanza. Ndiyo maana mafundi wengi wanashika saiti tatu au nne kwa pamoja, na mwenye saiti asiyekuja kusimamia ndiye anayeachwa nyuma.

Sasa tulinde jengo, kwa sababu mvua haitasubiri mpatane. Kutu ya vumbi juu ya nondo haina madhara makubwa. Inasuguliwa kwa brashi ya waya kabla ya kumwaga zege. Kutu inayobanduka kwa magamba na kuifanya nondo ionekane imeliwa ni habari nyingine, na hapo mwite mhandisi aiangalie. Saruji iliyoganda usiiponde na kuitumia, hata kama utaambiwa inafaa kwa sakafu. Ambayo bado ni unga, itumie mapema kwa kazi nyepesi kama plasta na si kwa lenta wala nguzo, kwa kuwa saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu hupungua nguvu hata ikiwa ndani ya mfuko. Inyanyue juu ya mbao, mbali na ukuta, uifunike kwa turubai. Juu ya kuta zilizo wazi tandaza nailoni na kuigandamiza kwa tofali, kisha chimba mfereji ili maji yasituame kwenye msingi.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni pale lenta ilipokatishwa. Ikiwa imeishia juu ya ukuta mzima, fundi atakayeendelea ataichonga ile ncha hadi kokoto zionekane, aisafishe na kuilowesha, ndipo aunganishe. Ikiwa imeishia juu ya uwazi wa dirisha au mlango, usiruhusu mtu aendelee kabla mhandisi hajaitazama.

Mkadiriaji

Ndugu muuliza, kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, na ninasikitika kuona kwamba suala kama lako hujadiliwa kwa miezi kupitia simu bila mtu kuchukua futi kamba. Mnabishana kuhusu muda, ilhali kinachoweza kuamuliwa leo ni kiasi cha kazi. Mlipe mkadiriaji au fundi sanifu asiye na upande apime kilichojengwa na kukiwekea thamani kwa viwango vya hati yenu wenyewe. Kama kazi iliyopo ina thamani ndogo kuliko milioni 7.4, basi fundi anashikilia fedha zenu na hana hoja ya kuomba nyongeza. Kama ni kubwa kuliko hiyo, ninyi ndio mnaodaiwa, na ni vyema mjue sasa.

Pili, mwandikieni barua. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 55, inatofautisha mkataba ambao muda ndio msingi wake na ule ambao sivyo. Pale ambapo muda ulikuwa msingi, aliyecheleweshwa anaweza kuuvunja mkataba. Pale ambapo haukuwa, anabaki na haki ya kudai fidia ya hasara aliyopata. Lakini ukiupokea utekelezaji uliochelewa bila kutoa taarifa kwamba unakusudia kudai fidia, unaweza kuipoteza haki hiyo, na hapa ndipo wenye nyumba wengi huumia, kwa maana fundi anaporudi furaha huwafanya wasiseme neno. Barua itaje tarehe ya mwisho ya hati, itaje kwamba hamjasamehe hasara ya kodi, na impe siku 14 za kurejea kazini. Apokee kwa sahihi, au ipitie kwa mwenyekiti aliyeshuhudia hati. Kifungu cha 73 kinachohusu fidia kinatazama pia kama uliyeumia ulichukua hatua za kupunguza hasara, kwa hiyo nailoni na turubai alizozitaja mwenzangu zina faida hata mbele ya hakimu. Tunza risiti zake.

Ikiwa huyo ni mkandarasi aliyesajiliwa, malalamiko yanaweza pia kufikishwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ikiwa ni fundi wa mtaani, anzieni usuluhishi wa serikali ya mtaa kabla ya kwenda mahakamani.

Na kwa kazi iliyobaki, awe yeye au mwingine, lipeni kwa hatua iliyokwisha kupimwa, kamwe si kwa hatua inayotarajiwa.

Mama Wawili

Nawashukuru sana, na Fundi wa Zamani amenigusa mahali penye ukweli: Juni maji ya boza yalikosekana wiki nzima, na mume wangu aliongeza choo cha ndani wakati msingi umekwisha chimbwa. Nimeyaandika yote mawili.

Tumepima. Kazi iliyopo imethaminiwa kuwa milioni 5.6, maana yake fundi ana milioni 1.8 zetu mkononi. Barua ilipomfikia alikuja siku ya tatu, mara ya kwanza tangu Novemba. Mbele ya mwenyekiti alikiri kwamba fedha zile alizimalizia kwenye saiti nyingine ambako mwenyewe hajalipwa, na ameomba kumaliza lenta na nguzo bila malipo hadi deni liishe, sisi tukiwalipa saidia fundi posho yao moja kwa moja kila jioni, na posho hiyo ikatwe kwenye milioni 2.2 iliyobaki ya hati. Tumempa hadi tarehe 28 Februari, na hati mpya inasema tunadai kodi ya miezi ya kuchelewa, ukiondoa wiki moja ya maji na wiki mbili za choo.

Lenta imeishia juu ya ukuta, sentimita 40 hivi kutoka dirisha la sebule. Je, hapo ni salama?

Fundi wa Zamani

Ni salama, mama. Hakikisha wameichonga na kuilowesha mbele ya macho yako kabla zege halijachanganywa, na nondo mpya zilalie zile za zamani kwa urefu usiopungua mara 50 ya unene wake, yaani sentimita 60 kama ni za milimita 12. Nenda na futi kamba.