Kuhesabu ndege msitu wa Amani: nyavu au masikio?

Kijana wa Muheza
Wakuu, shikamooni. Julai naingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani kwa utafiti wa shahada yangu. Nina wiki tatu, darubini moja na nyavu nne za kuazima. Msimamizi anataka orodha ya ndege pamoja na idadi yao. Nianze na nyavu, au nisimame nihesabu? Sauti ninazozijua hazifiki ishirini.

Babu Hondohondo
Marahaba, mwanangu. Anza na masikio. Wavu unanasa wanaopita chini, usawa wa kichwa chako. Chozi wa Amani, yule ndege mdogo, anashinda kule juu vileleni mwa miti. Utatega mwezi mzima usimwone. Siku nne za kwanza usihesabu kitu, tembea na mwenyeji anayezijua sauti.

Kila kituo dakika 10, kutoka kimoja hadi kingine mita 200. Ukifika tulia kwanza dakika mbili, nyayo zako zimeshawanyamazisha. Anza kunapopambazuka, ikifika saa nne, funga daftari. Hondohondo utayasikia mabawa yake kabla hujamwona, kama mtu anakung'uta mkeka. Anayepita juu mwandike pembeni, la sivyo yule yule utamhesabu vituo vitatu.

Tena Julai ni baridi, wengi hawaimbi kama Oktoba. Kimya chao usikiandike kuwa hawapo.

Na vituo usivipange barabarani! Mwaka wangu wa kwanza nilikwepa matope, nikarudi na daftari limejaa ndege wa kingo za mashamba ya chai. Miezi miwili ya kazi, msitu wenyewe haumo. Mpaka leo inaniuma.

Mama Nyavu
Ukitega, kagua kila nusu saa. Tone la kwanza la mvua, kunja zote. Nimewahi kumtoa kurumbiza aliyelowa, mwepesi kama jani, akafia kiganjani. Sitaki ikupate.

Kijana wa Muheza
Asanteni sana. Na yule mdogo mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, nitampata?

Babu Hondohondo
Yupo, ila ni wachache mno. Mtafute kwenye mitambaazi iliyosongamana, pale mti mkubwa ulipoanguka mwanga ukaingia. Usimchezee sauti ya simu kumwita, unamtoa kwenye kazi yake. Simama tu, sikiliza. Siku ukimsikia, niandikie hapa saa na mahali.